Kabati Nyuma ya Mkalimani

Waliandika kwamba alikiacha kikao. Hawakuandika kwamba picha ilikatika, wala kwamba wao wenyewe hawakujua kilichotokea. Waliandika, bila kumuuliza hata neno moja, kwamba mkalimani "alikiacha kikao kabla hakijaisha, akamwacha mgonjwa katika taharuki", na sentensi hiyo wakaitia katika jalada lake kama mtu anayepigilia msumari kwenye ubao laini. Aliyeiandika hakuwapo siku ile. Hajapata kujifunza hata namna ya kusabahi kwa mikono. Mkalimani naye alikuwa ameketi palepale kitini pake, nyumbani kwake, mikono ikiwa hewani, akiendelea kutafsiri mbele ya skrini iliyokwisha kuganda.

Kazi yake ilikuwa hiyo: kukaa mbele ya kompyuta mpakato, kumsikiliza daktari aliyeko hospitalini, na kuyageuza maneno yake kuwa alama za mikono ili mgonjwa kiziwi ayaone, kisha kuzitazama alama za mgonjwa na kuzitamka kwa sauti ili daktari asikie. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji, na wakubwa wake walikuwa wameamua kwamba ni rahisi zaidi kumwita kwa picha kuliko kumpa kiti chumbani. Hapakuwa na mwingine wa kazi hiyo karibu. Kwa hiyo afya ya viziwi wa mji mzima ilining'inia kwenye mawimbi yanayopenya ukuta wa sebule moja, na hakuna aliyeona ajabu.

Cheti cha ukalimani alikuwa nacho, lakini lugha yenyewe hakuipata darasani. Alinyonya nayo. Mama yake alikuwa kiziwi, na nyumba aliyomlelea, ambayo ndiyo anayoishi hadi leo, ilikuwa na taratibu zake. Hakuna aliyemwita mtu kwa kelele kutoka chumba kingine. Ulikanyaga sakafu kwa kishindo, na aliyeko ng'ambo akahisi mtikisiko kwenye nyayo. Hakuna aliyebisha hodi. Ulibonyeza swichi iliyokuwa nje ya mlango, taa ikawaka na kuzima, ndipo ukaingia. Wageni walidhani umeme wa nyumba ile una kichaa.

Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka. Mkalimani hakulia. Kutwa nzima ya maziko alisimama kati ya waombolezaji wanaosikia na wale viziwi, akipitisha pole za hawa kwenda kwa wale, na za wale kuja kwa hawa, na watu wakamsifu kwa moyo wake mgumu. Sifa hizo alizipokea kama mtu anayeshikishwa mzigo wa jirani, akaziweka pembeni. Ukweli ni kwamba hakuhisi kitu. Alikunywa chai bila kujua kama ni ya moto au imepoa. Aliwasikia watu wakizungumza naye kana kwamba wako nyuma ya mlango uliofungwa. Ganzi ilikuwa imemwenea, wala haikumuuma, na pengine ndiyo maana hakuitafutia dawa. Aliendelea na kazi kwa sababu mikono yake iliijua njia bila yeye.

Ilikuwa katika siku hizo za msiba kabati lilipohamishwa. Lilikuwa kabati la mama, la chuma tupu, la milango miwili, limejaa nguo hadi juu. Jamaa waliotoka mbali walihitaji nafasi ya kulala chumbani mwake, basi vijana wa ukoo wakalisukuma kwa vishindo na vicheko vya kujizuia hadi sebuleni, wakaliegemeza kwenye ukuta unaotenganisha sebule na chumba hicho. Kabla vijana hao hawajaondoka, Mkalimani aliwaomba waligeuze: milango itazame ukuta, mgongo utazame sebule.

Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kikazi, na ilikuwa ya kweli. Mkalimani wa lugha ya alama hakai mbele ya pazia la maua, wala rafu ya vyombo, wala dirisha linalomulika. Nyuma yake panatakiwa pawe patupu, mikono ionekane peke yake. Kwa miaka alikuwa amehangaika na ukuta uliobambuka rangi. Sasa huu hapa mgongo wa kabati, wa kijivu, mpana, bila ua wala doa. Aliweka meza mbele yake, akakaa amelipa kabati kisogo. Hata Msimamizi wake, ambaye sifa zake ni za kuokoteza, alisema, "Sasa ndiyo umepata pa kukaa." Kwamba kabati lililogeuziwa ukuta haliwezi kufunguliwa na mtu yeyote, hilo Mkalimani hakulisema, na sidhani kama mwenyewe alilijua.

Tangu hapo mtandao ukaanza kusuasua. Picha ilikwama, ikakwamuka, ikakwama tena. Akazoea. Mtu aliyekufa ganzi huzoea upesi.

Mgonjwa wa siku ile alikuwa Fundi, mshonaji kiziwi, rafiki wa mama yake tangu ujana wao. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilishaanza kufifia. Kwa mtu asiyesikia, jicho ndilo sikio, ndiyo simu, ndiyo baraza lake lote la mazungumzo. Daktari wa macho akaeleza kwa upole kwamba watauondoa utando uliolifunika jicho, kwamba ni kazi ya muda mfupi, na kwamba ataona vizuri kuliko sasa. Mkalimani akaanza kama lugha ile inavyotaka: akalitaja jicho, akaonyesha kuondoa. Picha ikaganda hapo. Utando haukufika, muda mfupi haukufika, kuona vizuri hakukufika. Kwenye skrini ya hospitali alibaki mwanamke ambaye vidole vyake vimejikunja mbele ya jicho kama anayeling'oa. Fundi aliitazama picha hiyo, akachukua kofia yake, akaenda zake. Na katika jengo lile lote la madaktari, wauguzi, makarani na walinzi, hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kumkimbilia na kumwambia kwa mikono: subiri.

Jambo hilo, ambalo lilistahili kuwatoa jasho, hawakuliandika popote.

Msimamizi alimpigia simu Ijumaa.

"Nimekupigania, mwenzangu, lakini wamenikalia kooni. Wametoa kikao kimoja cha marudio. Jumatatu asubuhi. Fundi amekubali kuja."

"Amemkubalia nani?"

"Dada yako alimfuata kwenye cherehani yake. Amesema atakuja ukiwapo wewe, na akiona tena ule upuuzi harudi, hata jicho lipofuke. Na wakubwa nao wanasema ikikatika tena, jina lako linatoka kwenye orodha."

"Niruhusuni nije mwenyewe, nikae chumbani."

"Nimewaambia. Wanasema ukija mwenyewe, mitambo tuliyofunga ni ya nini?"

"Mtandao ndio ulioondoka. Mimi nilikuwapo."

"Najua. Lakini mtandao hauna jalada. Wewe unalo."

Aliisikia sentensi hiyo kama anavyozisikia sentensi za wagonjwa: iliingia, ikapita ndani yake, ikatoka kwenda kwa mtu mwingine. Lakini alielewa. Jumatatu, picha ikikwama, Fundi angepoteza jicho kwa hofu, na yeye angepoteza kitu pekee ambacho mikono yake bado ilitaka kukifanya.

Jumamosi alikuja dada yake na mumewe. Dada alikuwa mkubwa wake, mwanamke wa maneno mengi, kana kwamba anaufidia ukimya wote wa utotoni. Shemeji alikuwa fundi wa majokofu, na hapakuwa na jambo chini ya jua ambalo hakuweza kulieleza kwa njia ya jokofu.

"Tatizo ni joto," alitangaza kabla hajakaa. "Mashine ikipata joto inachoka, shemeji. Kama friji tu."

"Kwako wewe kila kitu friji," dada alisema. "Hata mimi nikinuna unasema gesi imeisha."

"Na si huwa imeisha?"

"Ndiyo, na ukiendelea utalala nje ukapoe."

Shemeji aliipangusa kompyuta vumbi kwa brashi ya rangi. Aliizima, akaiwasha. Aliiinamisha huku na kule kama anayemwaga maji sikioni. Kisha akashauri wapige simu kwa kampuni ya mtandao, na Mkalimani akapiga, akaiweka simu mezani ili wote wasikie. Binti wa huduma kwa wateja alikuwa na sauti tamu ya mtu aliyekwisha kusema maneno yale mara nyingi tangu asubuhi.

"Naomba uizime ruta, mpendwa, usubiri kidogo, halafu uiwashe. Imewaka? Niambie taa zake zina rangi gani."

Mkalimani hakuinuka. Ruta ilikuwa chumbani mwa mama, kwenye rafu ya kando ya kitanda, waya wake umepigiliwa ukutani. Iliwekwa huko kwa sababu mwenye kuihitaji zaidi alikuwa mama. Kiziwi hapigiwi simu ya sauti. Kila asubuhi mama aliketi kitandani akapiga umbea na Fundi na wenzake kwa picha, mikono ikipepea kama nguo kambani. Tangu jamaa walipoondoka, mlango wa chumba hicho ulikuwa umefungwa, na Mkalimani alikuwa akiupita kila siku bila kuutazama.

"Nitakwenda mimi," dada alisema, akaenda. Akarudi. "Zote za kijani. Hazipepesi."

"Basi kwetu huku mtandao uko vizuri kabisa," alisema yule binti. "Labda kompyuta yako ni ya zamani."

"Ni mpya."

"Ee, hizi mpya nazo zina mambo yake."

Shemeji alipiga meza kwa furaha. "Si nilisema? Nunua nyingine!"

"Hukusema hivyo. Ulisema joto," dada alimkumbusha. "Kama huna la kusema, kuna chai."

Waliendelea kubishana. Mkalimani aliwatazama kwa mbali, midomo yao ikienda na kurudi, na bila kuwaaga akasimama, akaibeba kompyuta ikiwa wazi, kama anayepeleka sinia kwa wageni. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na vile vipinde vidogo vya mtandao. Pale mezani kimoja tu ndicho kilichokuwa hai. Aliingia jikoni. Vipinde vikajaa vyote. Akaingia bafuni, akasimama kati ya ndoo na beseni. Vimejaa. Ukumbini, vimejaa. Dada na shemeji walikuwa sasa wanamfuata nyuma kama maandamano ya watu wawili.

"Basi si kompyuta," shemeji alisema kwa unyonge.

"Wala si kampuni," dada alisema.

Mkalimani alirudi mezani pake, akakaa. Kipinde kimoja. Akasogea na kiti upande wa dirisha hadi akapita ukingo wa kabati. Vyote. Akarudi. Kimoja. Akafanya hivyo tena, taratibu, kama mtu anayejaribu jino bovu kwa ulimi. Kisha akaugeukia ule mgongo wa kijivu, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ulitoa sauti nzito, ya kitu kilichoshiba.

"Ni hili," alisema.

Ruta ilikuwa upande wa pili wa ukuta, nyuma ya kabati hasa. Tofali na lipu mawimbi huyapitisha kwa shida, lakini huyapitisha; chuma huyarudisha yalikotoka. Tangu msiba alikuwa amekaa kivulini mwa kabati la mama yake, akilisifu kwa rangi yake.

"Chuma!" Shemeji alijipiga paji la uso. "Mimi nilikuwa nakuja hukohuko."

"Ulikuwa unakuja na basi la jana," dada alimjibu. Kisha sauti yake ikabadilika. "Mdogo wangu, si uhamie tu jikoni?"

"Vigae vya jikoni vina maua."

"Ukumbini?"

"Giza. Hataona vidole. Macho yenyewe ndiyo hayo."

Kabati lilipaswa kurudi lilikotoka. Likiwa limejaa, watatu wale wasingelisogeza hata shibiri, na mgongo wa shemeji ulikuwa na historia yake. Walichoweza, kwa kulivuta kona moja baada ya nyingine, ni kuligeuza kiasi cha milango kufunguka.

"Kaa, nitazitoa mimi," dada alisema.

"Hapana."

Milango ilifunguka kwa mlio ule wa zamani. Harufu ya sabuni ya mama ikatoka, na Mkalimani akaitambua kama mtu anavyotambua namba ya gari la jirani: ni lile, basi. Alitoa gauni, akalikunja, akaliweka kwenye kochi. Akatoa jingine. Sketi za kazi, sweta zenye viwiko vilivyochakaa, kanga za kutokea na kanga za kushindia, gauni la harusi ya dada ambalo mama alilivaa mara moja akasema linamkaba. Mikono ilikwenda vizuri. Dada alianza kulia kwenye sweta la pili, akalia waziwazi, akapenga kamasi, akaendelea kukunja. Shemeji siku hiyo hakulifananisha kabati na kitu chochote.

Lilipokuwa tupu, lilisukumika. Walilifikisha mlangoni mwa chumba cha mama, na hapo Mkalimani, aliyekuwa mbele, akasimama. Mkono wake ulikwenda wenyewe ukutani. Taa ikawaka, ikazima, mchana kweupe. Hakuna aliyecheka. Walingoja kidogo, kama ilivyokuwa heshima ya nyumba ile, kisha wakaingia.

Kwa ukuta uliobambuka, dada alitoa katika lundo la nguo shuka la buluu iliyokoza, tupu, lisilo na hata mstari, wakalitundika kwa misumari. Mkalimani alikaa mbele yake, akafungua kompyuta. Vipinde vyote.

Jumatatu asubuhi daktari alikuwa yuleyule, na Fundi ameketi ukingoni mwa kiti, kofia mapajani, tayari kuondoka. Pembeni walikaa watu wawili wa utawala, kalamu mkononi, wakiwa wamekuja kushuhudia kosa. Daktari alisema kuhusu utando, muda mfupi, na kuona vizuri. Mkalimani akalitaja jicho, akaonyesha kuondoa, na safari hii utando ukafika, na muda ukafika, na kuona kukafika.

Fundi aliuliza kwa mikono. Kanuni ya ukalimani ni kwamba unasema kwa nafsi ya yule unayemsemea, nawe hupunguzi wala huongezi. Basi Mkalimani alitamka:

"Jicho langu linabaki mahali pake?"

"Linabaki," daktari alisema.

"Siku ile mlisema mnaling'oa."

"Hatukusema hivyo, mzee wangu. Hata kidogo."

"Niliona."

Daktari aliwageukia wale wawili wa utawala. Kalamu zilikuwa zimesimama. Hawakuwa wamewahi kujiuliza mgonjwa aliona nini; waliuliza tu mkalimani alikwenda wapi.

Fundi alikubali kupasuliwa. Kisha, badala ya kuinuka, akasogea karibu na skrini, akakaza lile jicho la kulia, akaanza tena kusema. Mkalimani akatamka, kwa sauti yake ileile ya kazi:

"Shuka hilo upindo wake niliushona mimi. Nilimwambia mama yako kwamba rangi hiyo ni ya wazee, akanitukana."

"Samahani," daktari alisema, "anazungumza na nani?"

"Anazungumza na mkalimani," alisema Mkalimani.

"Hiyo si sehemu ya kikao," mmoja wa utawala alinong'ona, na kwa kuwa kila kinachosemwa hutafsiriwa, Mkalimani alimtafsiria Fundi na hilo pia. Fundi alimtazama yule mtu kama anayetazama mshono uliokwenda mrama.

"Mwambieni akae kwanza. Namaliza sasa hivi."

Kisha mikono ya mzee ikaenda polepole, na Mkalimani akaisoma, na kwa kuwa kanuni haimruhusu kuacha neno, akajisomea kwa sauti mbele ya watu wote:

"Pole, mwanangu. Siku ya maziko nilikuona ukibeba pole za watu na kuzifikisha kwa wengine. Hii usimpelekee mtu. Ni yako."

Sauti haikutetemeka. Ilikuwa sauti ya kazi, wazi na sawa, na ilimfikia masikioni kama ya mgeni aliyempigia hodi. Ilikuwa zamu yake kujibu, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kumtafsiria. Mikono ilikaa mezani hadi wale wa utawala wakaanza kuitazama picha, wakidhani imekwama tena. Haikuwa imekwama. Mkalimani aliinua mkono, akashukuru kwa alama, kisha akasema, ili kumbukumbu zikae sawa, "Asante. Ni mkalimani anayesema."

Baada ya kikao alikwenda jikoni akajimiminia chai. Ilimuunguza ulimi. Alisimama akaushika mdomo kwa kiganja, akishangaa, kisha akangoja ipoe.

Jina lake lilibaki kwenye orodha. Ile sentensi kwamba alikiacha kikao nayo imebaki jaladani. Ameomba ifutwe, akajibiwa kwamba kilichoandikwa hakifutwi, ila anaweza kuandika maelezo yake chini. Ameyaandika. Fundi alipasuliwa jicho la kushoto Jumatano, tarehe 13 Septemba 2023, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu hospitali ile ifungue milango yake, mkalimani aliwekewa kiti chumbani, kando ya mgonjwa.